Kifuko cha kujaribia: nilivyokusanya zana za elektroniki kwa bei rahisi Unguja

Mtu akisema anataka kutengeneza redio, chaja na taa nyumbani kwake, huambiwa mawili: anunue zana za bei kubwa, au aiache kazi hiyo kwa mafundi. Mimi nimepita njia nyengine. Ninasomesha fizikia skuli ya sekondari, mshahara wangu una wenyewe wengi, na meza yangu ya kazi iko upenuni nyuma ya nyumba, huku Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe. Karibu kila kilichopo juu ya meza hiyo nimekinunua kwa bei rahisi, na kinafanya kazi yake. Nimeweza kwa sababu sinunui kitu cha umeme mpaka nikijaribu palepale dukani, mbele ya mwenye duka.

Kwa ajili hiyo natembea na kifuko kidogo cha zipu. Ndani mna betri mpya ya AA, rezista moja (kipande kinachozuia umeme) ya omu 10,000 isiyokosea zaidi ya asilimia 1, kipande cha waya wa shaba uliokwanguliwa ukang'aa, kipande cha risasi ya kulehemu ninayoijua (ule waya laini unaoyeyushwa kuunganishia vipande), na sumaku niliyoitoa kwenye spika ndogo iliyokufa. Vitu hivi vyote havifiki bei ya soda mbili, na vimeniokolea pesa kuliko punguzo lolote nililowahi kupewa.

Nilianza na chuma cha kulehemu, yaani kile cha kuyeyushia risasi hiyo, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndicho kinachowakatisha tamaa wanaoanza. Madukani Darajani na Mlandege utavikuta vya aina mbili. Kuna kile cha mpini wa mbao au plastiki kisicho na kirekebisho cha joto, na kuna kile cha wati 60 chenye kigurudumu cha kupandisha na kushusha joto, kilichoandikwa nyuzi 200 hadi 450. Chukua hicho cha pili. Mimi nililipa shilingi 18,000. Tofauti ya bei na kile cha kwanza ni ndogo, lakini kile cha kwanza hupanda moto bila kudhibitiwa, ukaunguza bodi na kuinua njia zake za shaba.

Ukishakichagua, itoe sumaku uiguse kwenye ncha. Ncha nzuri ni shaba iliyovishwa chuma, kwa hiyo sumaku huivuta. Ikiwa haivuti kabisa, hiyo ni shaba tupu, na shaba tupu huliwa na risasi iliyoyeyuka. Baada ya muda ncha inachimbika na kupoteza umbo. Ncha iliyovishwa chuma nayo ina sharti lake: usiipige tupa hata siku moja. Ukiipiga tupa umelivua vazi lake, na kilichobaki ni ile shaba ile ile uliyokuwa ukiikimbia. Ipanguse kwa sponji yenye unyevu, uipake risasi, basi.

Halafu mwombe mwenye duka akichomeke. Huyu ninayemwendea mimi nikimtolea salamu tu huwa ameshajua, anavuta waya wa soketi mwenyewe. "Jaribu, mwalimu," ananiambia, "ikikataa niachie hapo hapo." Nasubiri kipate moto, naigusisha risasi yangu kwenye ncha. Ikiyeyuka ikatandaa na kuifunika ncha yote kwa mng'ao wa fedha, nalipa. Ikijikusanya tone na kuanguka, naomba kengine.

Jambo moja la usalama kabla sijatoka hapo. Vingi huja na plagi ya miguu miwili, na soketi zetu ni za miguu mitatu ya bapa, ndiyo maana utaona watu wanatia kijiti kwenye tundu la juu ili plagi iingie. Sikubali kijiti nyumbani kwangu. Nilinunua plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ndani, nikaifunga mwenyewe. Na kabla ya kukitumia chuma chenyewe, kikiwa hakijachomekwa, nilipima kwa mita ya umeme (nitaieleza mbele) kati ya kila mguu wa plagi na ncha. Mita kwenye kipimo chake kikubwa cha omu inapaswa kuonyesha ile "1" peke yake upande wa kushoto, yaani hakuna njia. Ikionyesha nambari yoyote nyengine, umeme una pa kupita mpaka mkononi mwako.

Risasi ya kulehemu ni pahala ambapo sikubali rahisi. Ile ya 60/40, yaani asilimia 60 bati na asilimia 40 madini ya risasi, huanza kulainika kwenye nyuzi 183 za Selsiasi na kufikia nyuzi 190 imeshakuwa maji. Zipo rola zinazoandikwa 60/40 ambazo ndani yake sivyo: zinataka moto mkali, zinaganda zikiwa na rangi ya kijivu, na hazishiki kwenye waya. Hapo ndipo kile kipande cha shaba kinapofanya kazi. Pasha waya kwa ncha, igusishe risasi kwenye waya wenyewe, wala si kwenye ncha. Nzuri huutambaa waya mara moja na kutoa moshi mdogo wa fluksi, dawa ya kusafishia shaba iliyomo katikati yake. Chukua nyembamba, milimita 0.8 inatosha kwa karibu kila kazi ya nyumbani. Kwa kuwa ina madini ya risasi ndani, ambayo ni sumu, meza yangu haili mtu kitu juu yake, watoto hawaigusi, na mikono naosha kwa sabuni nikimaliza.

Mita nilinunua ile ya manjano inayoonekana kila duka, ya jamii ya DT830, kwa shilingi 12,000. Watu huidharau bila haki. Kwa betri, adapta na bodi ndogo inatosha sana, ila uichague. Kwanza, betri ya AA mpya: mita ikionyesha volti 1.55 hadi 1.62 iko sawa. Pili, ile rezista: kwenye kipimo cha 20k (omu 20,000) isome kati ya 9.9 na 10.1. Tatu, na hili ndilo linalozikamata nyingi, weka kipimo cha omu 200, zigusanishe ncha mbili za waya za kupimia, kisha zitikise waya pale zinapoingia kwenye mpini. Nambari ikirukaruka, waya umekatika kwa ndani. Duka hilo hilo mara nyingi lina waya nzuri zinazouzwa peke yake. Nilizinunua hizo, na mita ya rahisi ikawa mita nyengine kabisa. Hakikisha pia ina mlio wa kupimia njia, kwa sababu jicho lako litakuwa kwenye bodi, halitakuwa kwenye kioo. Na betri yake ya volti 9 ikidhoofika, mita huanza kusoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo usiichelewe kuibadilisha.

Umeme wa ukutani siupimi kwa mita hii, hata ikiwa ubavuni imeandikwa inaweza. Nyingi kati yao tundu la ampea 10 halina fyuzi, na plastiki yake ni nyembamba. Volti 230 si pahala pa kubana matumizi.

Nalisema hili kwa sababu ya taa za kuchaji. Waliokuwa Unguja mwezi wa Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanakumbuka miezi mitatu ya giza baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme unaotoka Tanzania Bara. Mpaka leo nyumba zetu hazikosi taa ya kuchaji, na taa hizo ndizo mgonjwa wa kwanza wa kila anayeanza kazi hii. Ukiifungua ya bei ndogo utakuta betri ya volti 4, dayodi nne (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), na kapasita moja (kipande kinachoweka chaji ya umeme) ya mstatili iliyoandikwa 400V, imesimama moja kwa moja kwenye njia ya plagi. Hakuna transfoma ya kuitenga na umeme wa ukutani. Maana yake, wakati inachaji, bodi yote hadi miguu ya betri imeungana na umeme wa ukutani. Ukiigusa betri ya volti 4 kwa kidole, unaweza kupigwa na volti 230. Mimi huichomoa kwanza, kisha naiacha ile kapasita itoe umeme wake kupitia rezista, halafu ndipo naanza kupima. Jirani yangu akileta taa ya mtoto wake asomee usiku, hilo namweleza yeye pia.

Kwa vitu vya umeme wa ukutani nina balbu. Ni holda, soketi na waya, vimefungwa ili balbu ikae kwenye mfululizo na kitu kinachojaribiwa, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye kitu hicho. Lazima iwe balbu ya zamani ya uzi, ya wati 60 au 100. Hizi za LED haziwezi kazi hiyo. Ukiwasha kitu ulichokitengeneza, balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, kitu hakina shoti. Ikiwaka kwa nguvu zote, mna shoti ndani, na balbu imeubeba moto ambao ungelipua fyuzi na transista zako (zile swichi ndogo za kwenye bodi). Sijaona kinga nyengine inayolingana na hiyo kwa bei hiyo. Balbu zenyewe siku hizi ni za kutafuta. Nilizipata kwenye duka la zamani la vifaa vya umeme, zimekaa rafu ya juu kabisa, na nikachukua za akiba.

Mashine ya kutoa umeme wa kujaribia ni ghali ukiinunua mpya, kwa hiyo nilichukua pawasaplai ya kompyuta ya mezani kutoka kwa wauzaji wa mitumba. Jaribio lake la dukani ni jepesi: kwenye plagi yake ya matundu 24 unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, feni ikizunguka imepona. Kisha pima: manjano na mweusi volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3. Kasha lake sikulifungua, kwa sababu kapasita za ndani hubeba volti zaidi ya 300. Tatizo la pawasaplai hizi ni nguvu zake. Ukigusanisha waya kwa bahati mbaya inaweza kutoa ampea zaidi ya 10 na kuunguza kitu chako. Nimeweka balbu ya pikipiki ya volti 12 kwenye mfululizo wa njia ya manjano, kwa mtindo ule ule wa balbu ya ukutani. Na nikitaka volti za kati naunganisha bodi ndogo ya LM2596 ya kushushia volti, yenye skrubu ndogo ya kurekebishia.

Bisibisi, kibanio na plaizi ndogo ya kukatia sina mengi ya kusema juu yake. Plaizi iangalie kwa kuielekeza kwenye mwanga: ukiona mwanga unapita kati ya meno yake yakiwa yamefungwa, iache.

Kimoja tu nilikiagiza Dar, shemeji yangu alipopanda boti kwenda Kariakoo: kipimaji cha transista na kapasita chenye chipu ya ATmega328. Unatia kitu kwenye matundu matatu, unabonyeza, kinakuambia ni nini na mguu upi ni upi. Kwa kapasita kinaonyesha pia ukinzani wake wa ndani, na hapo ndipo unapojua kwa nini adapta inatoa volti kamili lakini haiwezi kubeba mzigo. Kapasita itolewe umeme wote kabla haijatiwa humo, la sivyo kipimaji kinaweza kufa papo hapo.

Hewa yetu ya chumvi inakula chuma, na masika ndiyo mbaya zaidi. Zana zangu zinakaa kwenye kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vyeupe vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Viungo vya plaizi navitia mafuta ya cherehani. Ncha ya kulehemu naizima ikiwa imefunikwa risasi mbichi, siipangusi. Inalala salama mpaka jioni nyengine.

Sasa naangalia kionyesha mawimbi kidogo (oskiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo), DSO138, ambacho kinafika kilohezi 200. Ni kidogo kwa kuchunguza chaja za kisasa, lakini kwa upande wa sauti wa redio na kwa spika kinatosha kabisa, kwa kuwa sauti tunayoisikia haizidi kilohezi 20. Huuzwa kwa vipande vya kuunganisha mwenyewe, na nitachukua ile aina ambayo vipande vidogo sana vimeshabandikwa kiwandani. Pesa nimeshaiweka pembeni. Nasubiri mitihani imalizike, ili wanafunzi wangu wa kidato cha tatu ndio wakilehemu.