Chupa Moja kwa Kila Mtu Mzima: Kutoka Miami Hadi Nassau

Usiku wa kuamkia safari yetu ya meli ya kitalii kwenda Nassau, Bahamas, shemeji alimwaga dawa ya kusukutua mdomo kwenye sinki la hoteli, akaisuuza chupa, akaanza kuimiminia vodka. Rangi ya chakula ya kijani alikuwa nayo tayari mezani. Rafiki zake walishamfundisha kila kitu: matone mawili tu, tikisa, funga vizuri, hakuna mlinzi atakayejua. Dada alikuwa kitandani akikunja nguo, wala hakuinua macho.

"Wewe endelea," alimwambia. "Ila hilo begi utalibeba peke yako. Mimi na mdogo wangu tutapanga foleni nyingine."

Nikamwambia, "Shemeji, hebu kwanza tusome kanuni zenyewe. Huenda huna haja ya kuhangaika hivyo."

Tukazisoma kwenye simu yangu. Meli yetu iliruhusu chupa moja ya mvinyo au shampeni, mililita 750, kwa kila abiria aliyetimiza miaka 21. Iwe haijafunguliwa, iwe kwenye begi la mkononi, na iwe siku ya kupanda meli tu. Bia hairuhusiwi. Pombe kali ndiyo kabisa. Sisi tulikuwa watu wazima watatu, kwa hiyo chupa tatu halali, na safari yenyewe ilikuwa fupi. Shemeji alipoipiga hesabu hiyo alilegea. Vodka ikabaki hotelini.

Hizi mbinu za kuficha pombe naomba nizisemee kidogo, maana watu wengi wanazichukulia kama mchezo. Kuna vifuko laini vya plastiki vinavyouzwa kwa kazi hiyo, kuna wanaotumia chupa za losheni ya jua, kuna wanaofungua kizibo cha mvinyo, wakajaza wiski na kukirudisha. Lakini kila begi linapita kwenye mashine ya kumulika, na chupa inayotiliwa shaka hufunguliwa ikanuswa. Na hata ukifanikiwa kupita, utakunywa nini? Plastiki iliyokaa na losheni haisafiki kwa maji ya bomba. Mtu anaingiza mwilini kemikali zilizotengenezwa kwa ajili ya ngozi, ili aokoe dola chache. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuacha, kabla hata ya kufikiria walinzi.

Asubuhi tulifika bandari ya Miami mapema. Masanduku makubwa unawaachia wapagazi nje, yakiwa na lebo ya namba ya chumba, nawe unaingia na begi la mkononi. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanatia chupa ya halali kwenye sanduku kubwa kwa kuhofia uzito, kumbe kanuni inataka uwe nayo mkononi. Foleni yetu ilienda taratibu. Mlinzi alipoona chupa kwenye kioo cha mashine alimwomba dada afungue begi. Aliitoa, akaigeuza hadi akaiona namba 750 chini ya lebo, akapitisha kidole gumba juu ya karatasi ya kizibo kuona kama imeguswa, kisha akaangalia tarehe ya kuzaliwa kwenye pasipoti. "Safari njema, mama." Haikuchukua hata dakika.

Mbele yetu kulikuwa na familia iliyobeba katoni ya maji ya kunywa ya chupa, nayo ikazuiwa. Walishangaa sana, hasa watoto. Carnival, kampuni ya meli yetu, ilipiga marufuku vinywaji vya chupa vya kubeba kutoka nyumbani tangu Julai 2015, hata maji na soda, ikaruhusu vya makopo na vya pakiti kwa idadi maalumu. Sababu mojawapo ni hao hao waliokuwa wakijaza vodka kwenye chupa za maji na kubandika upya kifuniko. Yaani mama mwenye watoto anaacha maji yake gatini kwa ajili ya ujanja wa watu wengine. Liliniuma.

Jioni sanduku la dada halikufika chumbani. Tulishuka naye hadi sitaha ya chini, kwenye chumba ambacho mizigo iliyozuiwa hungoja wenyewe. Kosa lilikuwa pasi ndogo ya nguo, ambayo meli huikataza kwa hofu ya moto. Lakini nilichokiona mle ndani kilinifundisha mengi. Masanduku yamepangwa ukutani, abiria wamepanga foleni wamenuna, na kila mmoja anafungua lake mbele ya ofisa. Mzee mmoja alikuwa na chupa ya mvinyo mwekundu iliyovunjikia ndani. Mashati yake yote yalikuwa ya zambarau, na harufu ilijaa chumba kizima. Kijana aliyemfuata alitoa chupa mbili za ramu zilizoviringishwa taulo. Zilichukuliwa, akapewa stakabadhi. Kampuni nyingine hurudisha chupa hizo mwisho wa safari, nyingine humwaga, na ofisa hakuwa na muda wa kubishana. Alisema "samahani" kwa kila mtu, kwa sauti ile ile ya upole.

Tulifungua chupa ya kwanza kwenye roshani ya chumba meli ilipokuwa ikitoka bandarini, majengo ya Miami yakipungua nyuma yetu. Mhudumu wa chumba alituletea kizibuo na glasi tatu, bila malipo. Hilo ni jambo la kujua: katika meli kama yetu, ukinywea chumbani hulipi kitu, lakini ukiipeleka chupa kwenye ukumbi wa chakula unatozwa ada ya kufungua. Tuliipeleka ya pili ukumbini kesho yake tukalipa dola 15. Shemeji alilalamika, mimi sikuona tatizo. Mhudumu aliifungua, akaipooza kwenye barafu, na tuliposhindwa kuimaliza akaandika namba ya chumba chetu kwenye shingo ya chupa na kuihifadhi hadi kesho. Huduma hiyo ina thamani yake.

Kampuni hazifanani. Norwegian hukuacha ulete mvinyo chupa nyingi upendavyo, ila inatoza ada kwa kila chupa, dola 15 ya kawaida na dola 30 ya lita moja na nusu. Disney huruhusu kila mtu mzima chupa mbili za mvinyo au bia sita siku ya kupanda, na tena katika kila bandari. Meli nyingi zinazoondokea Ulaya huhesabu mtu mzima kuanzia miaka 18, wakati zinazoondokea Marekani husimamia 21. Na yote haya hubadilishwa bila kelele, kwa hiyo yasomwe tena wiki ile ile ya safari.

Kwa nini wanabana hivyo? Fedha, bila shaka. Nauli za meli kubwa hushushwa ili vyumba vijae, kisha faida hutafutwa baa, kwenye kasino na kwenye matembezi ya bandarini. Nadhani abiria ana haki ya kuliona hilo waziwazi na kulikasirikia kiasi, hasa anapoona glasi moja inaongezewa asilimia 18 au 20 ya huduma juu ya bei. Lakini kuna sababu nyingine ambayo niliidharau mpaka nilipokaa baa na kuzungumza na muuzaji. Alikuwa na miezi mingi hajaiona familia yake. Aliniambia kazi yake nusu ni kuchanganya vinywaji, nusu ni kutazama macho ya watu. Aliyezidiwa anamwona, anampa maji, anamwita mwenzake. "Yule anayekunywa chumbani peke yake na chupa nzima ya pombe kali," alisema, "sisi hatumwoni." Nami nikafikiria zile roshani zote, ukingo wa kifuani, na bahari chini gizani. Tangu hapo kanuni ya pombe kali naiunga mkono kwa moyo wote, ingawa ile ya bia bado naona ni ubahili.

Nassau tulishuka asubuhi. Tulipanda Ngazi ya Malkia, iliyochongwa na watumwa kwenye mwamba wa chokaa mwishoni mwa karne ya 18. Kuta ziko juu mno pande zote mbili, na alama za vyuma vya kuchongea bado unaziona ukisogea karibu. Dada aliugusa ukuta akakaa kimya muda mrefu. Kutoka hapo tukaenda kwenye kiwanda cha ramu cha John Watling's, ndani ya nyumba ya zamani ya Buena Vista. Shemeji alionja, akanunua chupa moja, na safari hii hakuwa na mpango wowote wa kuificha.

Gatini, kabla ya ngazi ya kupandia meli, palikuwa na meza ndefu na wafanyakazi wawili. Kila aliyenunua chupa aliisalimisha. Ya shemeji ilizungushiwa lebo, ikaandikwa jina na namba ya chumba, yeye akakatiwa kipande cha stakabadhi, ikatiwa kwenye kreti pamoja na nyingine. Utaratibu ni huo huo hata kwa chupa zinazouzwa kwenye duka lisilo na ushuru ndani ya meli yenyewe: unalipa leo, unapewa mwisho wa safari. Watu hugombana na wauza duka bure kwa sababu hawakuambiwa mapema.

Jioni ya mwisho tulikuta chupa imewekwa mlangoni, lebo haijaguswa. Shemeji akaiviringisha kwenye jinzi mbili na kuitia katikati ya sanduku, mbali na kingo, akikumbuka simulizi yetu ya yale mashati ya zambarau. Marekani kwa kawaida humruhusu mtu mzima kuingia na lita moja bila ushuru. Yake ilikuwa chini ya hapo. Ofisa wa forodha alimuuliza kama ana pombe, akajibu anayo, chupa moja ya ramu kutoka Nassau. Ofisa akamrudishia pasipoti na kumwita aliyefuata.