Siku mama mdogo alipokaa kuangalia Star Wars na sisi

Ilikuwa likizo ya Desemba, nipo kwa mama mdogo Tabata, binamu yangu kaitoa wapi sijui ile diski ya mtaani yenye filamu sita za Star Wars, picha imefifia kinoma ila nani anajali. Tukaanza na Revenge of the Sith ya 2005 maana binamu alikuwa anataka mapanga tu, stori hana shida nayo.

Mama mdogo alikuwa anapitapita na shughuli zake, mara akakaa. Huyu kijana ana nini? Binamu akamweleza fasta, Anakin kaota mkewe Padmé anakufa akijifungua, afu yule mzee Palpatine kamwambia kuna nguvu ya kuzuia mtu asife ndo maana anamfuata. Mama akasema haya, mke anapendwa huyo.

Ikaja ile ya Anakin kuua watoto hekaluni, mama kimya. Afu sayari ya Mustafar, moto kila upande, Padmé na mimba yake kasafiri mpaka kule kumbembeleza mumewe waache yote waondoke wakalee mtoto, jamaa anamjibu eti sasa hivi ana nguvu kumzidi Palpatine, atampindua, watawale galaksi wao wawili (na Luke, mtoto wa Anakin, naye anakuja kuambiwa na babake hivyohivyo kwenye ile ya 1980, tutawale baba na mwana, yaani mtu habadiliki!). Mara anamkaba koo.

"We, si alisema anamwokoa huyu?"

"Mama hujaelewa, unajua..."

"Nimeelewa baba. Mwenzie anaongelea mtoto, yeye anaongelea kiti."

Usiku tukaweka Return of the Jedi ya 1983, mama kaja mwenyewe bila kuitwa. Luke kashamzidi baba yake (Anakin yuleyule, sasa anaitwa Vader), kamkata mkono, Palpatine anamchochea ammalize, dogo anatupa silaha chini. Anapigwa umeme analia baba nisaidie, na Vader anambeba yule mzee anamtupa shimoni huku umeme unamuunguza mwenyewe. Mama akapiga kofi, "Ehee, huyo sasa ndo anapenda, hana anachopata hapo!"

Binamu mpaka leo anabisha, Anakin alimpenda Padmé sana ila Palpatine ndo alimdanganya. Sawa, alidanganywa, lakini wakati anamkaba mkewe kule Mustafar Palpatine hakuwepo.