Kikundi cha kanisa kikienda Romania, anzeni na sakafu

Kwanza majina, maana hapo ndipo wageni wengi hujikwaa siku ya kwanza. Waromania ni wenyeji wa Romania kwa ujumla. Waroma ni watu wenye lugha yao, ambao mababu zao walitoka India karne nyingi zilizopita, wakafanywa watumwa Moldavia na Wallachia, majimbo mawili yaliyoungana baadaye kuwa Romania, mpaka sheria zilipowaachia huru mwaka 1855 na 1856. Wengi wao leo ni raia wa Romania. Wote hao si Warumi wa waraka wa Paulo, ingawa Mromania hatakosa kukukumbusha kwamba nasaba yake inaanzia kwa askari wa Kaisari Trajan. Neno *țigan* mtalisikia kila mahali. Msilitumie, ni tusi kwa wengi.

Vikundi vingi vya makanisa hupelekwa mitaa ya Waroma pembezoni mwa vijiji: chumba kimoja, kuta za udongo au matofali, sakafu ya ardhi tupu, jiko la kuni katikati. Mkiwa watu kumi na siku kumi, kazi yenye faida ni kumpa mwenye nyumba mmoja sakafu kavu na jiko salama kabla ya baridi. Michezo ya watoto ifanyike jioni. Usiku wa Januari kule kaskazini-mashariki unaweza kushuka chini ya nyuzi 15 za hasi, na unyevu wa ardhi hupanda moja kwa moja kwenye godoro.

Chukulia chumba cha mita 4 kwa 5. Chimbeni, tandazeni kokoto unene wa sentimita 15, shindilieni hadi kisigino kisiache alama. Juu yake nailoni nene, kipande kwa kipande kikipandana sentimita 20 na kupanda kidogo ukutani. Halafu mabamba ya polistirini ngumu (povu la plastiki linalozuia baridi) ya sentimita 5, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu. Nyeupe laini ya ukutani hubonyea chini ya zege. Kisha wavu wa chuma, ulioinuliwa kwa vijiti vya plastiki. Kosa la kawaida ni kuutupa wavu chini na kumwaga zege juu yake: ukilala chini kabisa hauzuii nyufa.

Zege la sentimita 10 kwa chumba hicho ni mita 2 za ujazo. Saruji inahitajika kilo 640 hivi, na kwa kuwa mifuko ya huko kwa kawaida ni ya kilo 40, si 50 kama tulivyozoea, hiyo ni mifuko 16. Ongezeni miwili ya akiba. Kijijini hawatenganishi mchanga na kokoto. Huagiza *balast*, mchanganyiko wa mtoni unaokuja na lori. Agizeni mita 3 za ujazo. Mfuko mmoja unakwenda na ndoo 14 za lita kumi, na maji lita 20, pungufu kama balast imelowa mvua. Kila fundi atataka kuongeza maji ili zege liteleze kirahisi. Mkatalieni, maana maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na sakafu inatoa vumbi miaka yote.

Kalenda yote ya safari inafuata zege. Limwagwe siku ya tatu, ya nne ikizidi sana, ili siku saba za kulimwagilia na kulifunika zipite mkiwa bado mpo. Julai na Agosti kusini joto hupita nyuzi 35, na zege lisilofunikwa hupasuka mchana uleule. Mkienda Novemba tatizo ni kinyume: chini ya nyuzi 5 msimwage. Kuhusu kuongeza chumba kipya, msikubali kirahisi. Msingi lazima ushuke chini ya kina cha ardhi kugandia, sentimita 80 hadi zaidi ya mita moja kutegemea mkoa, na familia nyingi hazina hati ya kiwanja. Bila hati hakuna kibali kutoka *primăria*, ofisi ya meya, na kisicho na kibali kinaweza kubomolewa. Hata kwa ukarabati, mchungaji mwenyeji apite ofisini kwanza.

Sasa jiko, mahali penye hatari kuliko pote. Vikundi vyenye moyo mwema huziba nyufa zote za dirisha kwa povu, kisha familia inalala na jiko linawaka katika chumba kisichopumua. Moto ukikosa hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi inayoua, isiyo na harufu wala rangi. Toboeni tundu la hewa nyuma ya jiko, karibu na sakafu, ili hewa iende motoni bila kumpiga mtu. Mahali hapo si pa kubahatisha: Waromania wana hofu kubwa ya *curent*, upepo unaopita chumbani, wanaamini unaleta ugonjwa, na tundu likiwa mahali wanapolisikia mgongoni litajazwa matambara kabla hamjafika uwanja wa ndege. Fungeni na king'ora cha kaboni monoksidi, muwaonyeshe jinsi ya kubadili betri. Bomba la moshi lisiguse mbao za dari, na kuni ziwe zimekauka mwaka mzima, kwa sababu kuni mbichi hujaza bomba masizi ya lami yanayoweza kushika moto.

Upande wa imani, Waorthodoksi ndio wengi mno. Walokole huitwa *pocăiți*, yaani waliotubu, na husalimiana "Pace". Kwa padri wa Kiorthodoksi semeni "Doamne ajută", Mungu asaidie, na mwendeeni mapema hata kama mwenyeji wenu ni Mpentekoste. Msigawe vipeperushi wakati wa kazi. Itaonekana mnanunua watu kwa saruji. Kuanzia tarehe 1 hadi 14 Agosti wengi wanafunga nyama, maziwa na mayai, basi msimwekee fundi soseji. Mkiletewa *mămăligă* mtajisikia nyumbani: ni ugali wa mahindi ya njano.

Msiombe kutembelea kituo cha watoto. Sifa mbaya ya vituo vile ilitokana na enzi ya dikteta Ceaușescu na amri yake ya 1966 iliyopiga marufuku utoaji mimba, lakini tangu sheria ya 2004 malezi ya familia ndiyo yanayopewa kipaumbele, na mgeni anayekuja kubeba mtoto na kupiga picha hana kazi pale. Watakaoendesha michezo ya watoto wachukue cheti cha tabia njema cha polisi kabla ya kusafiri.

Viza ni ya Schengen, yaani viza moja kwa nchi nyingi za Ulaya, na ubalozi wa Romania upo Nairobi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima isiyopungua euro 30,000, maombi yaende angalau siku 15 kabla, ila siku 45 ni salama zaidi. Wanaoishi Ujerumani au Italia kwa kibali hawahitaji viza nyingine, lakini wakija na gari walipie *rovinietă*, ushuru wa barabara, kabla ya kuvuka mpaka.

Pesa itakayobaki msinunulie pipi. Mwachieni mchungaji anunue kuni masika, zikiwa rahisi, azipange chini ya paa zikauke.