Kamba Nyeupe

Juzi Jumamosi pua yangu ilijua kilichomo sandukuni kabla ya macho. Ngozi mpya. Kitindamimba wangu alikuwa amekaa sakafuni, karatasi zimetapakaa, mkononi ameshika buti la rangi ya damu ya mzee: matundu manane kila upande, uzi wa manjano umeizunguka soli, kitanzi cheusi kisiginoni.

"Baba, nimenunua na kamba za pili," akasema, akazitoa. Nyeupe pepe.

Nikatafuta kiti.

Januari 1981, Coventry, Uingereza. Nilikuwa na miaka 16, Mombasa nimeiacha Agosti, na viatu vya shule nilivyokuja navyo vimekunywa maji ya theluji hadi vimeachama mbele kama mamba. Baba akanipatia mabuti ya mtumba kwa pauni tatu, mekundu vilevile. "Haya ndiyo wanayovaa watu wa posta na watu wa kiwandani," akaniambia, na fahari ilikuwa usoni mwake, maana na yeye alikuwa mtu wa kiwandani. Alisema kweli. Soli ile yenye hewa ndani ilibuniwa na daktari Mjerumani, Klaus Märtens, baada ya kuumia mguu akiteleza kwenye theluji mwaka 1945. Waingereza wa Wollaston, kule Northamptonshire, wakanunua haki zake, wakatoa buti lao la kwanza la Dr. Martens tarehe 1 Aprili 1960, yaani 1-4-60, ndiyo maana likaitwa 1460. Pauni mbili tu, kiatu cha mtu anayesimama kutwa nzima. Ila baba hakujua kwamba vijana walikuwa wameshalichukua na kulipa maana nyingine.

Kamba moja ilikatika wiki ya pili. Mama akaenda dukani, akarudi na nyeupe kwa kuwa ndizo zilizokuwa ndefu za kutosha. "Na zinapendeza na wekundu huo," akasema. Akanifunga mwenyewe, kwa kukatiza, kama alivyonifunga tangu nikiwa mdogo.

Jioni moja nilikuwa stendi ya Pool Meadow nikingoja basi la kwenda Foleshill. Akaja kijana wa miaka kama 20, kipara, mikanda ya suruali mabegani, jinzi imekunjwa juu ili mabuti yaonekane yote. Yake yalikuwa meusi. Nyumbani tulikuwa tumeshaambiwa: ukimwona mwenye kipara, hao wanaoitwa skinhead, vuka barabara. Nami nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi, ukuta nyuma yangu, na miguu ilikataa.

Hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu. Kisha akachuchumaa.

Nilidhani atanikamata kifundo anivute chini. Nikabana meno, nikaanza Kul-huwallah kimoyomoyo. Akashika ncha ya fundo, akavuta. Fundo la mama likafunguka. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa baridi, kucha zimetafunwa, na kwenye mikunjo ya viungo kulikuwa na weusi wa oili ileile ambayo baba hakuweza kuimaliza kwa sabuni. Akachomoa tundu kwa tundu. Nilisikia kamba ikikwaruza chuma kila ilipopita. Kichwa chake kilikuwa karibu na goti langu hata ningeweza kukigusa. Nywele zilikuwa zinachipua kama vumbi la mkaa. Bibi mmoja pembeni yetu alitazama, kisha akainamia mkoba wake, asiinuke tena.

Alipomaliza ya pili, akaketi ukingoni mwa lami iliyolowa, akavua kamba zake nyeusi, akazitia kwenye mabuti yangu. Hakuzikatiza. Alizilaza mojamoja kama vipandio vya ngazi, akivuta kila kimoja hadi ngozi ilie. Zile nyeupe akazizungusha kidoleni, akazitupa pipani.

"Hizo si zako," akasema kwa lafudhi iliyonichukua muda kuielewa. "Wanaozivaa wanataka urudi kwenu."

Akaondoka. Mabuti yake yalikuwa wazi, ndimi zimetoka nje, yakipiga pwata pwata kwenye theluji iliyoyeyuka. Kifuani mwa koti lake nilikuwa nimeona beji ya miraba myeusi na myeupe.

Shuleni ndiko nilikofafanuliwa. Miraba ile ilikuwa ya 2 Tone, lebo ya muziki aliyoianzisha Jerry Dammers mwaka 1979 papo hapo Coventry. Bendi yake, The Specials, iliwaweka Wazungu jukwaa moja na Neville Staple na Lynval Golding, wazaliwa wa Jamaika. Na wenye vipara wa kwanza, wa miaka ya 1960 mwishoni, walicheza muziki wa Wajamaika na kuiga mavazi yao. Baadaye National Front, chama cha Waingereza wabaguzi wa rangi, ikawavuta wengi wao upande wa chuki, na kwa baadhi ya hao kamba nyeupe ikawa tangazo la weupe. Buti lilikuwa moja. Ungeangalia kamba ujue ukimbie au ukae.

Nyumbani nilisema zimekatika. Mama alizihuzunikia pesa zake.

Kijana yule nimemshukuru moyoni miaka mingi. Lakini kuna siku hasira hunipanda, kwamba hakuniomba ruhusa, kwamba stendi nzima iliniona nikivuliwa kama mtoto. Huenda alikuwa akinilinda mimi. Huenda alikuwa akililinda buti. Kinachonirudia zaidi ni jinsi alivyokwenda zake katika baridi ile, viatu havina kamba.

"Baba, mbona umenyamaza?"

Nilishuka kitini, nikauweka mguu wake pajani. "Nyeusi ziko wapi?"

"Humo sandukuni. Kwani nyeupe zina nini?"

Nikazitafuta chini ya karatasi. Nyeupe mkono mmoja, nyeusi mkono wa pili, na bado nilikuwa sijamjibu.