Siku moja maishani mwangu: kufundisha nyuklia na taka zake

Saa 1:30 asubuhi. Darasa bado tupu. Kihesabio cha Geiger kinapima mionzi ya mazingira kwa dakika 5. Dakika 1 haitoshi: mapigo 20 (kila pigo ni mnururisho mmoja ulionaswa na kihesabio) huyumba kwa 4 au 5 hivi, na mwanafunzi ataona mionzi mahali pasipo na chanzo. Mapigo 100 huyumba kwa takribani 10.

Saa 2:30. Aina tatu za mionzi: alfa, beta, gama. Jaribio la kuzuia alfa kwa karatasi huharibika chanzo kikiwekwa mbali: alfa husafiri sentimita chache tu hewani, kwa hiyo karatasi huonekana haikuzuia chochote. Sogeza karibu, lakini kwa koleo, kamwe si kwa vidole.

Saa 4. Dadu 100 kwa kila kundi, kila dadu ikiwa mfano wa atomu inayosubiri kuvunjika. Rusha, toa zote zilizoangukia 6, hesabu zilizobaki, rudia. Tarajia takribani 83, 69, 58, 48; nusumaisha, yaani muda wa nusu kuvunjika, ni karibu mirusho 4. Ukitumia dadu 20 grafu hupindapinda ovyo, basi jumlisha matokeo ya darasa zima. Baada ya nusumaisha 2 wengi hudhani zimekwisha, kumbe robo ipo.

Hapa siharakishi. Karibu kila mwanafunzi huja akiamini kinachodumu zaidi ndicho kikali zaidi. Naandika nusumaisha ubaoni: iodini-131, siku 8, sesiamu-137, miaka 30, plutoniamu-239, miaka 24,100. Kwa idadi ileile ya atomu, iodini huvunjika kwa kasi ya takribani mara milioni 1 kuliko plutoniamu, ndiyo maana huisha upesi. Ila kasi si kipimo pekee cha hatari: iodini hukusanyika kwenye tezi ya shingo, na plutoniamu ni mbaya mno ikivutwa mapafuni.

Saa 8 mchana. Taka. Glavu na nguo za kazi hujaza nafasi kubwa kwa mionzi kidogo. Fueli iliyotumika katika kinu cha nyuklia ni kinyume chake. Hukaa majini miaka kadhaa, kwani hutoa joto hata kinu kikizimwa. Kule Onkalo, Ufini, imepangwa kuzikwa mita 400 na zaidi ndani ya mwamba, katika vyombo vya shaba vilivyozungushiwa udongo wa bentonaiti, ambao huvimba ukilowa. Tunashindilia udongo huo kwenye bomba angavu na kumwaga maji ya rangi. Usiposhindiliwa vizuri, rangi hupenya pembeni kabla haujavimba. Wanafunzi wenyewe huona kwa nini vipimo vya ujenzi ni vikali.

Saa 10. Chanzo ndani ya kasha la metali ya risasi, saini daftarini, meza ipimwe tena, mikono ioshwe.