Mchezo Wenye Mwenyewe

Juzi nilikwenda kumtazama mpwa wangu akiichezea mechi shule yake, shule binafsi ya sekondari hapa Georgia, Marekani, nikajikuta naishangilia timu iliyoketi mbele ya kompyuta. Walikuwa wachezaji watatu wenye jezi za shule na vipokea sauti masikioni, wakicheza Rocket League, ambamo vigari vinakimbizana na mpira mkubwa na kuusukumia golini. Wapinzani walikuwa shuleni kwao, wakicheza kwa mtandao, kwa hiyo hapakuwa na basi la kukodi. Mwalimu alisimama nyuma yao na daftari. Mpwa wangu alipoliacha goli wazi, aligonga meza kwa kidole mara moja tu, na kijana akarudi kulinda bila kugeuza shingo.

Dada yangu bado ananung'unika: "Kaka, nilipe ada yote hii mtoto akacheze gemu?" Nilimkumbusha kwamba mwaka 2014 chuo kikuu binafsi cha Robert Morris cha Illinois kilianza kuwapa wachezaji wa League of Legends, gemu ya kompyuta ambamo timu mbili hupigana, ufadhili uliofikia nusu ya ada na nusu ya gharama za malazi na chakula. Miaka minne baadaye, shirikisho la kitaifa la michezo ya sekondari liliungana na kampuni ya PlayVS kuendesha ligi za gemu hizi, na Georgia ilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza. Hapo dada alinyamaza, ingawa sidhani kama aliridhika.

Kwangu mimi, kinachonisumbua si kama huu ni mchezo au si mchezo, maana mazoezi, nidhamu na machozi ya kushindwa nimeyaona. Kinachonisumbua ni kwamba mpira wa miguu hauna mwenyewe, na ukiwa wa makaratasi utachezwa vilevile, ilhali League of Legends ni mali ya kampuni ya Riot Games, ambayo huurekebisha mchezo mara kwa mara, ikiwaongezea baadhi ya mashujaa, yaani wahusika ambao wachezaji huwachagua na kuwaongoza, nguvu na kuwapunguzia wengine, na shule haina kauli yoyote. Mpwa wangu, ambaye huucheza huo pia, alitumia likizo nzima kumzoea shujaa mmoja. Shule zilipofunguliwa, alikuta shujaa wake amepunguzwa makali.

"Sasa utafanyaje?" nilimuuliza.

"Naanza na mwingine, mjomba," alijibu, macho yakiwa kwenye skrini.