Ufito wa Mwarobaini

Jana asubuhi jirani alipunguza matawi ya mwarobaini wake, na mwanangu akaokota ufito mmoja, akaupurura majani, akaja kuniuliza kama unafaa kwa upinde. Nilishindwa kumjibu, kwa kuwa harufu ile ya maganda mabichi ilikuwa imeshanirudisha Tandika, mwaka 1994, uani kwetu.

Dada alikuwa na miaka 12, mimi 10. Tulitumwa maji bombani, lakini njiani nikawakuta wenzangu wakicheza chandimu, nikamwomba anisubiri, naye akanisubiri, ndoo zetu mbili zikiwa zimejaa miguuni pake, mpaka adhana ya magharibi ikatukuta kule kule. Tuliporudi, baba hakuniuliza neno. Alimgeukia dada: "Mtoto wa kike jua linakuzamia barabarani?" Kisha akaniagiza mimi nikakate fimbo.

Niliuzunguka mti ule nikishika tawi hili na kuliacha. Manene yalinitisha, kwa hiyo nikachagua jembamba kuliko yote, nikalipurura, kisha nikapitisha kiganja kwenye vifundo kimoja kimoja na kuving'oa kwa kucha ili visimkwaruze. Niliamini namsaidia. Sikujua kwamba ufito mwembamba ndio unaochana ngozi.

Mama wa chumba cha pili aliinua macho kutoka kwenye mbuzi ya nazi, akatazama, akaendelea kukuna. "Mwache afunzwe," alisema, "kesho ni mke wa mtu." Dada hakusema kwamba alikuwa akinisubiri mimi. Nami sikusema. Nilipoanza kulia, baba alinishika bega, bila hasira yoyote, akaniambia mwanaume halii.

Baba hakuwa mtu mkatili. Alimlipia dada ada ya shule kwa shida kubwa, na naamini siku ile alidhani anamkinga na maneno ya mtaa, ambayo kwa binti yalikuwa na uzito ambao kwangu hayakuwa nao hata kidogo. Hilo huniumiza kuliko kama angekuwa mbaya.

Mwaka 2011 yalipotangazwa matokeo ya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, nilisoma kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Dada nilimwona mle mara moja. Nilikwama kwangu mwenyewe, mtoto ambaye hakuguswa, aliyetumwa kukata fimbo na kufundishwa kunyamaza.

Jana usiku nilimpigia dada simu Mbagala. Aliniuliza habari za watoto, nikamwambia hawajambo, mdogo anatengeneza upinde. Nilitaka kumuuliza kama siku ile aliniona nikichagua. Alicheka, akasema nimwangalie asije akajichoma jicho, tukaagana.